Mwanangu anagombaniwa na vyuo viwili Marekani, naombeni ushauri

MamaBaraka_Houston:
Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri, hasa kwa mlioko Marekani mnaoujua mpira wao, ule wa Kimarekani wa kubeba mikononi.

Kijana wangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Anacheza ulinzi pembeni, kazi yake ni kumvamia kwotabeki, yule mrushaji wa timu pinzani, kabla hajarusha mpira. Tangu Septemba mosi mwaka jana, siku makocha waliporuhusiwa kumtumia ujumbe, simu yake hailali.

Mwezi wa sita tulitembelea vyuo viwili, gharama juu yao. Cha kwanza walimvalisha jezi yenye jina la ukoo wetu mgongoni, wakampiga picha chini ya mataa, wakatupitisha kwenye ukuta wenye majina ya walinzi wao waliofika NFL, ligi yao kuu ya kulipwa. Hela wanayotaja ni kubwa. Cha pili hakuna mataa. Kocha wa walinzi aliwasha video ya mechi ya kijana, akaisimamisha pale alipokanyaga mguu wa kushoto, akamwambia, "Hapa umechelewa, na sababu ni hii." Walikaa kwenye mguu huo mmoja karibu nusu saa.

Kijana anataka cha kwanza. Kusaini ni mwanzoni mwa Desemba. Mimi usingizi sipati.

Mjomba_ATL:
Hongera dada, umelea. Ule ukuta wa majina usiudharau. Chuo cha Georgia walitoa walinzi 5 raundi ya kwanza mwaka 2022, timu za NFL zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, na Travon Walker ndiye aliyechaguliwa wa kwanza kabisa. Ila Dan Lanning, aliyekuwa akiongoza ulinzi wao msimu uliotangulia, msimu ulipoisha alikwenda chuo cha Oregon kuwa kocha mkuu. Majina yanabaki ukutani, mwalimu anahama. Waulize hao wa kwanza: aliyewafundisha vijana hawa bado yupo? Na kwenye nafasi ya mwanao wako wangapi mbele yake, kila mmoja anamaliza lini?

Bi_Mkubwa_MN:
Mama Baraka, mimi nazungumzia hela. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na kwa mwaka ule wa kwanza kikomo kilikuwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo, michezo yote pamoja. Kwa hiyo fungu hilo wanagawana wengi. Ahadi ya mdomo haimfungi mtu, si wao wala nyinyi. Omba mkataba kwenye karatasi, umpe wakili wako, si wakili wao. Aangalie kipengele cha kuhama: mingine inamtaka kijana arudishe hela akiondoka mapema. Na hela hiyo inakatwa kodi, msije mkaila yote.

Halafu, ana makaratasi gani? Kama yuko kwa viza ya mwanafunzi, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla hajasaini chochote.

kijana_wa_Mwanza:
Shikamoo mama. Ezekiel Ansah wa Ghana alianza mpira huu mwaka 2010 akiwa BYU, hajawahi kuucheza kabla. Mwaka 2013 akachaguliwa wa 5 kwa jumla, Detroit Lions. BYU si chuo kinachotajwa kwanza watu wanapozungumzia walinzi, lakini palikuwa na watu wa kumfundisha kuanzia sifuri. Mimi kura yangu kwa kocha wa ule mguu.

MamaBaraka_Houston:
Marahaba mwanangu. Ahsanteni sana wote. Makaratasi yako sawa, kazaliwa hapa hapa.

Jana jioni nimewatumia makocha wote wawili swali la Mjomba. Wa chuo cha pili kajibu kabla sijaepua ugali: majina manne, na mwaka anaomaliza kila mmoja. Wa kwanza kanitumia ile picha ya jezi, safari hii imewekwa kwenye fremu. Kijana kaisoma ile orodha mara mbili, kisha akaomba laptopu yangu aiangalie tena ile video. Mkataba nimeufikisha kwa wakili leo asubuhi.