Mama Mkubwa na ndege ya Jumamosi

Mama Neema: Habari za jioni wanafamilia. Tiketi ya Mama Mkubwa tumeshaibuku, Songwe kwenda Dar, Jumamosi saa 8 mchana. Sasa amegoma. Anasema ndege itaingia kwenye shimo la hewa 🙈

Lusajo: Shikamoo Mama Mkubwa, najua unasoma kimyakimya. Angani hakuna shimo. Hewa ipo muda wote, ila huku inapanda, kule inashuka, na ndege inaifuata. Tumbo litakwambia umeporomoka mita mia, kumbe kwa kawaida ni mita chache tu.

Mama Mkubwa: Marahaba. Na bawa likikatika je

Lusajo: Bawa limeundwa lipinde. Kabla aina ya ndege haijaruhusiwa kubeba abiria, inabidi ithibitishwe kwamba inahimili mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa angani. Ukiliona linapungapunga, liache.

Tumaini: Ila mchana mmemkatia ya nini?

Lusajo: Hapo umegusa. Jua likishachoma, hewa ya bonde la Usangu inapaa, na upepo ukivuka milima unavurugika upande wa pili. Asubuhi hutulia. Kasoro yake Songwe kuna ukungu, ndege inaweza kuchelewa. Achague: kuchelewa au kutikiswa.

Mama Mkubwa: Kuchelewa

Tumaini: Kiti kiwe usawa wa bawa, mkiani kunarushwa zaidi. Mkanda ukae juu ya khanga mhudumu auone, ubane kwenye mifupa ya nyonga, sio tumboni. Asifungue hata taa ya mkanda ikizimwa.

Lusajo: Hilo la mkanda msilipuuze. Ile ndege ya London kwenda Singapore, Mei 2024, ilishuka mita 54 hivi kwa chini ya sekunde 5. Wasiofunga mkanda walirushwa juu.

Mama Neema: Lusajo!! Unamtuliza au unamtisha?

Lusajo: Ndege yenyewe ilitua Bangkok ikiwa nzima, dada. Kilichoumiza watu ni dari.

Tumaini: Tuendelee. Ikishapaa atasikia "gudu!" chini ya miguu, ni matairi yanaingia. Muda mfupi baadaye injini zinapunguza sauti, mwili unahisi kama mnazama. Hamzami, rubani amepunguza tu nguvu ya kurukia. Hapo ndipo wengi wanang'ang'ania kiti.

Mama Mkubwa: Moyo ukienda mbio?

Tumaini: Vuta pumzi puani ukihesabu 4, itoe mdomoni ukihesabu 6, kama unapoza chai. Dakika 5. Ukihema harakaharaka unatoa kabonidayoksaidi kupita kiasi: vidole vinakufa ganzi, kichwa kinazunguka, nawe unadhani unakufa. Pia kaza mapaja ukihesabu 5, achia, rudia. Kahawa acha siku hiyo. Dawa ya presha meza kama kawaida, ikae kwenye mkoba wa mkononi, sio begi la chini.

Lusajo: Chupa ya maji ifike nusu, iweke mezani. Ikitikisika angalia maji: yanachezacheza tu, hayagusi kifuniko. Basi kwenye mlima Kitonga linayamwaga na humo unasinzia 😂

Tumaini: Wakati wa kushuka Dar masikio yataziba. Pipi. Zikigoma, bana pua, funga mdomo, sukuma pumzi taratibu, usilazimishe.

Mama Neema: Nabadilisha iwe ya asubuhi.

Mama Mkubwa: Ndaga fijo wanangu. Nani ananipeleka Songwe? Bajaji sipandi, zinatikisika sana