Karata za taroti za kujijua: ni ramli, au ni kujitazama tu?

Mleta mada

Wadau, hoja hii najua itanigombanisha na watu wa dini na watu wa sayansi kwa mpigo mmoja. Mwaka wa pili sasa natumia karata za taroti. Sitabiri kitu. Nachungulia yale ya nafsini mwangu ambayo mchana nayafunika. Nasema inafaa, na nasema si ramli, mradi masharti yashikwe.

Kwa asiyezijua, ziko 78. Kati yake 56 ni ndugu wa hizi tunazochezea kila siku: mafungu manne, ya vikombe, sarafu, panga na fimbo. Mcheza karata wa Kiswahili anayajua bila kujua kuwa anayajua, maana kopa, uru, shupaza na pau ni Kireno kile kile cha vikombe, dhahabu, panga na magongo. Zilizobaki 22 ndizo zenye picha za kutisha watu: Mjinga, Mtawa, Mnara, Shetani, Kifo. Hizo zilikuwa turufu, na neno turufu lenyewe mzizi wake unarudi kwenye trionfi, jina la karata hizi kule kaskazini mwa Italia karne ya 15. Watu walikuwa wanacheza, basi. Habari kwamba zina siri za Misri ya kale zilianzishwa mwaka 1781 na Mfaransa Antoine Court de Gébelin, ambaye maandishi ya Misri hakuweza kuyasoma. Wakati ule hakuna aliyeweza. Msomi Mfaransa, Champollion, alianza kuyafumbua mwaka 1822.

Sasa nitoe langu. Kuna karata inaitwa Nne ya Sarafu, katika pakiti aliyoichora Pamela Colman Smith, iliyotoka London mwaka 1909. Mtu kaketi, kavaa taji. Sarafu moja iko juu ya kichwa, moja kaikumbatia kifuani kwa mikono miwili, mbili kazikanyaga. Nyuma yake kuna mji. Niliivuta siku niliyokuwa najiuliza kwa nini wenzangu kazini hawaniombi msaada. Kilichonijia kwanza: huyu hawezi kusimama. Akiinuka, ya kichwani inaanguka. Akinyoosha mkono kumsalimu mtu, ya kifuani inadondoka. Nikacheka, halafu kicheko kikanikauka mdomoni. Kazini mimi ndiye ninayebania ninachokijua, kisha najiita mtu wa utaratibu.

Nikamwonyesha rafiki yangu picha ileile, sikumwambia kitu. Akaiangalia akasema, “Maskini, huyu aliwahi kuibiwa.” Na yeye kweli aliwahi kudhulumiwa, ila kwa miaka yote tuliyojuana hajawahi kulitaja hilo mpaka jioni ile.

Karata haikujua lolote. Tuliosema ni sisi. Karibuni.

Mchunguzi

Mkuu, kwenye historia sina ugomvi nawe. Kwenye saikolojia ndipo unapoteleza.

Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio, kisha akampa kila mmoja “uchambuzi wa haiba yako”. Wakaupima kwa alama, mwisho 5. Wastani ukawa 4.26. Wakashangaa mwalimu alivyowajua. Kumbe karatasi zote zilikuwa na maneno yaleyale, aliyoyachota kwenye kitabu cha unajimu: unapenda kupendwa, unajikosoa sana, una uwezo hujautumia. Nani hayupo hapo? Na nani kazini habanii kitu?

Halafu piga hesabu. Ukivuta karata tatu kwa mpangilio, kuna namna 456,456 za kutokea. Nina hakika ungepata maana katika kila moja. Ufunguo unaofungua kila mlango ni nyundo, mkuu.

Najua utanitajia Rorschach, yule daktari wa akili wa Uswisi, na madoa yake ya wino ambayo mtu huyatazama akasema anaona nini. Yale madoa kumi aliyachapisha mwaka 1921, na hadi leo wataalamu wanabishana kama yanapima kitu, ilhali yale angalau yana kanuni za kuhesabu majibu. Yako yana kanuni gani?

Mleta mada

Forer nampokea kwa mikono miwili, ila mshale wake unampata mwingine. Yeye aliwagawia watu sentensi. Mimi nimepewa picha, sentensi nimeitunga mwenyewe. Rafiki yangu angetunga ileile ningekuunga mkono.

Kuhusu hizo 456,456, sawa, ningepata hadithi katika kila moja. Ninachokitafuta ni hadithi gani naikimbilia na ipi naikwepa. Ndiyo maana sharti langu la kwanza ni kuandika daftarini nilichokiona kabla ya kufungua kitabu chochote cha maana za karata. La pili, swali lianze na “mimi”, lisianze na “je, atarudi”. La tatu, hakuna kumvutia karata mtu mwingine.

Kupima sipimi, hapo umenishinda na nakiri. Na wale wanaomtanguliza Carl Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi, kana kwamba alikaa mezani na karata hizi, wamwache. Yeye alizungumzia kivuli, ule upande wetu tunaoukana. Taroti aliigusa kwa nadra mno.

Mpitanjia

Naomba nami niseme, kwa sababu hilo sharti la tatu mnalipita haraka na ndilo lililoniumiza.

Nilipofiwa na mume wangu, nilienda kwa mtu anayesoma karata. Hakuniambia anatabiri. Alisema ni “safari ya kujijua”, maneno kama haya haya ya mleta mada. Alifunua karata, akanyamaza, akasema, “Naona kuna neno hamkumalizana.” Nikalia, nikamweleza neno lenyewe, na jina la mtu, na mwaka. Wiki iliyofuata akanirudishia yaleyale kidogo kidogo, mimi nikiona ni karata zinaongea. Nilirudi mara sita. Mara ya sita ilitoka karata ya Malkia wa Panga, na yule msomaji akaniuliza kama nina ndugu wa kike mwenye ulimi mkali. Dada yangu nilikaa naye bila kusemeshana miezi minne.

Picha zile sizichukii. Ile ya Vikombe Vitano bado naikumbuka, mtu wa joho jeusi kainamia vikombe vitatu vilivyomwagika. Mwaka ulipita ndipo nikaona nyuma yake viwili vimesimama. Hakuna aliyenionyesha, na yule niliyemlipa hakuwahi kuvitaja.

Mchunguzi

Pole sana, dada. Hapo hata mimi sina la kuongeza, isipokuwa hili: aliyekufanyia hivyo hahitaji taroti. Angetumia kiganja au kikombe cha kahawa.

Mcha Mungu

Wanangu, nimesoma yote. Mleta mada, unarudia kwamba karata haijui kitu, kana kwamba hilo linakuokoa. Ramli kwa Kiarabu ni mchanga. Mchanga nao haujui kitu, na wapiga ramli wenye akili walilijua hilo. Kumbukumbu la Torati sura ya 18 na Surat al-Maida aya ya 90 hazikukataza kwa sababu mchanga au mishale ya kupigia ramli ina akili. Ni kwa sababu ya kule moyo unakoelekea ukishazoea kuuliza kitu kisichojua.

Leo unauliza “mimi ni nani”. Sawa. Moyo hausimami hapo.

Mleta mada

Shikamoo, mzee. La mchanga limenipiga, sikuwahi kulifikiria. Ila hata shajara nauliza karatasi, nayo haijui. Hata mtu anayekaa kimya ufukweni anauliza maji. Tofauti naiona kwenye swali, siioni kwenye chombo. Daftari langu lote, kurasa zaidi ya mia, hakuna swali moja la kesho.

Mcha Mungu

Marahaba. Daftari nalikubali, kwa kuwa umeliandika ukiwa umetulia. Nijibu hili moja bila kuzunguka. Siku mwanao yuko safarini usiku, wewe umekaa na maswali yako ya “mimi”, ukavuta ule Mnara: radi, moto, watu wanaanguka kichwa chini. Utaandika daftarini ulichokiona, au utampigia simu?

Mleta mada

Nitampigia, mzee.