Tupeane uzoefu: prosesa ya bei nafuu ya kuchezea magemu, sisi wa Mombasa

Mwenye mada, Tudor
Habari za jioni nyote. Nimedunduliza tangu Ramadhani, sasa nina shilingi 60,000. Kadi ya grafiki ninayo, GTX 1660 Super niliyouziwa na rafiki aliyehamia Nairobi. Zimebaki prosesa, madabodi (ubao mkuu unaobeba vyote) na ramu (kumbukumbu ya muda). Nimekwama kati ya Core i3-12100F ya Intel, kori (viini vya kufanyia kazi) 4 na thredi (kazi za kwenda pamoja) 8, na Ryzen 5 5600 ya AMD, kori 6 thredi 12. Zote ni za 2022. Ya kwanza ni ya bei ya chini zaidi. Video nimezitazama mpaka nimechoka. Namtaka mtu aliyetoa pesa yake mfukoni, hapa hapa pwani, anieleze imemwendeaje.

Wa Likoni
Kaka, angalia herufi ya mwisho. Mimi nilinunua i5-12400F sina kadi, nikidhani nitaanza na magemu madogo. Nikaunganisha usiku: feni zazunguka, taa zawaka, skrini nyeusi tii. Nikatoa ramu nikarudisha, nikabadilisha kebo, mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi nikaipakata mashine kwenye feri hadi kwa fundi ng'ambo. Akaniuliza ni prosesa gani, nikamtajia, akaniambia nirudi nayo nyumbani. Hiyo F maana yake haina grafiki za ndani. Ilikaa miezi mitatu imefunikwa leso ya mama mpaka nikapata kadi. Wewe unayo, haitakusumbua, ila siku kadi ikifa huoni kitu.

Dada wa Bamburi
Mimi sikuwa na pesa ya kadi, nikachukua Ryzen 5 5600G kwa kuwa ina grafiki zake ndani. Nilianza na kijiti kimoja cha ramu, GB 16. Wadogo zangu wakicheza mpira, picha inakwama kila mtu akikaribia goli, na wao wananilaumu mimi. Nilikaribia kuiuza. Kumbe grafiki za ndani hazina kumbukumbu yao, zinategemea ramu ya mashine, na kijiti kimoja ni njia moja. Nikabadilishana dukani nikapewa viwili vya GB 8. Ramu ni ile ile 16, lakini mchezo ukalainika siku hiyo hiyo. Kwa mwenye kadi kama wewe siipendekezi. Ina kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 16 na 5600 ina MB 32, na kwenye magemu tofauti hiyo huonekana.

Wa Kisauni
Mimi natumia mtumba wa ofisi, i7-4770 ya 2013. Nimeipachika GTX 1650 isiyotaka waya wa ziada wa umeme, maana pawa saplai yangu haina waya huo. GTA V inakwenda vizuri. Nilipohamia Windows 11 kwa njia za panya, Valorant, gemu la mtandaoni, ikakataa: inadai TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na mashine haina. Windows 10 nayo ilikoma kuhudumiwa Oktoba 2025. Ukicheza mtandaoni, usije huku.

Wa Changamwe
12100F ninayo mwaka sasa. Gemu peke yake, safi. Nikirekodi huku nacheza, inahema. Kinachonipa moyo ni kwamba baadaye naweza kuweka 12400F bila kugusa madabodi.

Wa Mji wa Kale
Mimi nilianza na Ryzen 5 1600 kwenye madabodi ya B450. Mwaka jana nikaitoa nikaweka 5600 kwenye madabodi ile ile, na sikununua ramu mpya. Hapo ndipo pesa ilipookoka. Lakini sasisha bayosi (programu ya madabodi inayoiwasha mashine) kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. B450 ya mtumba yenye bayosi ya zamani ukiiwekea 5600 haiwaki, na utadhani umeuziwa mbovu. Na usisasishe stima ikiyumba! Ikikatika katikati, madabodi inaweza kufa. Mimi niliazima UPS (betri ya akiba stima ikikatika) ya jirani kwa dakika kumi zile tu.

La pili ni joto. 5600 ni ya wati 65 na huja na feni yake kwenye boksi, inatosha. Ila kaskazi ikivuma chumba changu cha juu ni tanuri. Nilipoifungua ile ya zamani, pasta ya joto ilikuwa imekauka kama chokaa na vumbi limeganda kwenye feni kwa unyevu wa bahari. Baada ya kusafisha na kupaka pasta mpya, nyuzi zilishuka kutoka 88 hadi 71. Kagua kila mwaka, usingoje izime yenyewe.

Mwenye mada, Tudor
Ahsanteni sana. Mimi hurekodi, kwa hiyo la Changamwe limeniamulia: nachukua 5600. Nimepata B450 ya mtumba, na muuzaji amekubali kuiwasha mbele yangu na 5600 ikiwa ndani. Jumamosi nakwenda na kadi yangu mkononi. Wa Mji wa Kale, akikuta bayosi ni ya zamani na stima ya kwake inayumba, nitakuomba unisemee kwa jirani yako mwenye UPS.