Photokina ya Köln ilikaribisha hadhira mpya: mbona ikasitishwa?

MwangaNaKivuli aliuliza:

Ndugu zangu wapenda picha, salaam.

Ninaandaa makala kuhusu maonyesho makubwa ya kimataifa ya vifaa vya upigaji picha, na kuna jambo linanitatiza. Photokina, iliyoanza mwaka 1950 mjini Köln, Ujerumani, kwa miongo mingi ilijulikana kuwa mahali wanapokutana watengenezaji wa kamera, wenye maduka na mawakala wa dunia nzima. Mwaka 2016 waandaaji wake, kampuni ya Koelnmesse, walipanua wigo kwa makusudi: wakaleta droni, kamera ndogo za kufunga kwenye kofia za waendesha baiskeli, miwani ya uhalisia pepe, na vijana wanaotengeneza video za mitandaoni. Wageni wapatao 191,000 walihudhuria. Miaka minne baadaye, Novemba 2020, ikatangazwa kwamba maonyesho yamesitishwa bila tarehe ya kurejea.

Wengi ninaowauliza hujibu kwa neno moja, korona, lakini jibu hilo haliniridhishi, kwa sababu maonyesho mengine yaliyofungwa wakati uleule yamerudi. Je, kukaribisha watu wapya ndiko kulikowafukuza wa zamani, au kulikuwa na sababu nyingine? Nitashukuru kupata maelezo ya anayeyafahamu maonyesho haya kwa karibu.

Mkazi wa Rhein alijibu:

Ndugu MwangaNaKivuli, ninaishi hapa Köln na nilihudhuria Photokina ya 2016 na ya 2018, kwa hiyo nianze na hilo la hadhira. Umma wa kawaida haukukaribishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Tangu maonyesho ya mwanzo, kando ya mabanda ya biashara palikuwa na kumbi za picha zilizoandaliwa na L. Fritz Gruber, ambaye aliendelea na kazi hiyo hadi mwaka 1980, na watu wasiokuwa na nia ya kununua hata mkanda mmoja wa filamu walikuja kutazama picha zilizotundikwa. Mkusanyo wake mwenyewe wa picha ulichukuliwa na jumba la makumbusho la Museum Ludwig, lililo jirani kabisa na kanisa kuu la mji wetu. Mfanyabiashara na mtazamaji walikuwa chini ya paa moja tangu awali. Kilichobadilika ni aina ya mtazamaji.

Mwaka 2016 badiliko hilo lilionekana wazi ukishavuka mto kwenda Deutz, ziliko kumbi za maonyesho. Kwenye meza za kampuni kubwa kamera mpya zilifungwa kwa waya wa chuma, na kila mgeni alipewa dakika chache za kuishika, kuielekeza kwa mwanamitindo aliyewekewa taa na mapambo, na kupiga. Ikiwa kamera hiyo ilikuwa haijaanza kuuzwa, mhudumu hakukuruhusu kuweka kadi yako mwenyewe, kwa kuwa kampuni haikutaka picha za majaribio zisambae. Mwenye duka aliyesafiri kutoka nchi ya mbali ili aagize mzigo wa mwaka mzima alisimama foleni moja na mwanafunzi aliyekuja na simu yake tu, na nakiri kwamba niliwasikia wenye maduka wakilalamika. Nadhani malalamiko yao yalikuwa ya haki, lakini dawa yake ilikuwa kuwatengea muda wao, wala si kuwafungia vijana mlango.

Mwaka 2018 siku zilipunguzwa kutoka sita hadi nne, kuanzia Jumatano hadi Jumamosi, na Jumapili, ambayo ndiyo siku ya familia, ikaondolewa. Hata hivyo walifika watu wapatao 180,000. Ukigawanya, utapata takriban 45,000 kwa siku, ilhali mwaka 2016 hawakufika 32,000 kwa siku. Huwezi kusema kwamba maonyesho hayo yalikimbiwa. Tena vijana hao walikuwa na uzito wao sokoni: ni katika Photokina hiyohiyo ya 2018 ambapo Kodak Alaris ilitangaza kuirejesha madukani filamu ya slaidi ya Ektachrome, na sidhani kama hilo lingewezekana bila kizazi kipya kilichoanza kuipenda filamu.

Mizani alijibu:

Ninaungana na aliyetangulia kwamba tatizo halikuwa idadi ya watu. La kuuliza ni nani anayelipa. Maonyesho ya biashara hayaishi kwa viingilio vya mlangoni. Mhimili wake ni kodi ya eneo wanayolipa waonyeshaji, ambayo huhesabiwa kwa mita za mraba, na juu ya kodi hiyo kampuni hubeba gharama za kujenga banda, kusafirisha vifaa, hoteli na posho za wafanyakazi. Zamani gharama hizo zilirudi kwa njia ya oda zilizosainiwa palepale na mawakala. Kijana anayepiga picha kwa simu anaweza kuwa mgeni mzuri sana, lakini hasaini oda.

Sasa tazama kilichokuwa kikiwapata hao walipaji. Kwa takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, mwaka 2010 kamera za dijitali zilizosafirishwa kwenda sokoni zilizidi milioni 121. Mwaka 2018 zilikuwa zimeshuka hadi milioni 19 hivi, na mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Simu ilikuwa imezimeza kamera ndogo za mfukoni. Kampuni iliyopoteza sehemu kubwa kiasi hicho ya mauzo yake huanza kupekua kila gharama, na banda la Köln ni miongoni mwa gharama za kwanza kuonekana.

Pigo la pili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko linavyosemwa, ni kwamba uzinduzi uliondoka ukumbini. Mwaka 1954 kamera ya Leica M3 ilizinduliwa Photokina, na aliyetaka kuiona alilazimika kufika. Mwaka 2018, Nikon ilizitangaza Z6 na Z7 mwezi Agosti, na Canon ikaitangaza EOS R mapema Septemba, wiki kadhaa kabla ya milango ya Köln kufunguliwa tarehe 26. Mgeni alipofika alikuwa ameshatazama video za uchambuzi wa kamera hizo nyumbani kwake.

Katika hali hiyo, waandaaji wakaamua kwamba maonyesho yaliyokuwa yakifanyika kila baada ya miaka miwili sasa yafanyike kila mwaka, na tena yahamie mwezi Mei. Huo ndio uamuzi ninaoulaumu. Waliwaomba walipaji waliokuwa wakipungukiwa walipe mara mbili zaidi. Maonyesho ya Mei 2019 yalifutwa yakiwa bado hayajafanyika hata mara moja, na kwa yale ya Mei 2020 Nikon, Leica na Olympus zilishajitoa kabla ya janga. Machi 2020 korona ikafunga mlango ambao tayari ulikuwa nusu wazi.

MwangaNaKivuli aliandika:

Nawashukuru sana nyote wawili. Hili la nani anayelipa limenifungua macho. Je, maonyesho yaliyobaki yanapata wapi mlipaji?

Bahari ya Sharjah alijibu:

Ndugu, nitaje mawili. La kwanza ni CP+ ya Yokohama, iliyoanza mwaka 2010. Mwandaaji wake ni CIPA yenyewe, yaani watengenezaji ndio wenye maonyesho, kwa hiyo hapana kampuni ya kumbi inayohitaji kuwauzia eneo. Yalifutwa mwaka 2020, yakafanyika kwa intaneti tu mwaka 2021 na 2022, kisha yakarudi ukumbini mwaka 2023. Hapo hadhira kubwa ni ya umma, na kampuni haziioni kuwa kikwazo, kwa sababu lengo ni mtu aishike kamera na lenzi kabla ya kwenda dukani.

La pili liko hapa ninapofanya kazi. Xposure ya Sharjah, katika Falme za Kiarabu, ilianzishwa mwaka 2016 na ofisi ya habari ya serikali ya Sharjah, na kiingilio ni bure. Hiyo ni tamasha la picha lenye sehemu ya vifaa, si soko lenye picha pembeni. Familia huja na watoto, husimama mbele ya picha za vita na za wanyamapori, na wanaotaka kununua lenzi huelekea kwenye mabanda ya wauzaji. Mlipaji mkuu ni serikali, na ndiyo maana waandaaji wanaweza kuwafikiria watazamaji kwanza.

Mkazi wa Rhein alijibu:

Niongeze moja kuhusu mji wetu, kwa kuwa linahusiana na haya. Mwaka 1984 lilianzishwa tamasha la Photoszene, lililokuwa likifanyika katika nyumba za sanaa za Köln wakati wa Photokina. Biashara ilisitishwa Deutz, lakini Photoszene inaendelea hadi sasa. Ukija kuandika makala yako, nakushauri uzungumze na watu wa huko pia, usiishie kwa wenye kamera tu.