Viza inaisha katikati ya sikukuu, naomba msaada

Mama Neema, Haifa
Alhamisi 25 Septemba 2025

Hamjambo nyote. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni metapelet, mtunza wazee hapa Israeli, kwa viza ya kazi B/1, mwaka wa nne na bibi yuleyule. Muhuri wangu unaisha Jumanne 7 Oktoba. Leo asubuhi nimekwenda ofisi ya viza, mlinzi wa getini hata karatasi hakuzitazama. Kasema tu «aharei ha-hagim», nirudi baada ya sikukuu, akamwita aliye nyuma yangu. Mtandaoni tor (miadi) ya karibu kabisa ni Jumapili 19 Oktoba. Wakala hapokei simu tangu mkesha wa Rosh Hashana, mwaka mpya wao. Na inter-visa, ya kutoka na kurudi, bado naitaka, maana mdogo wangu anaolewa Moshi mwezi wa kumi na moja, mahari ishapokelewa.

Swali langu: ile karatasi ya tor inanilinda kati ya tarehe 7 na 19, au nitahesabiwa nimepitiliza? Nisije nikazuiwa uwanja wa ndege siku ya kuondoka.

Kamau, Netanya
Alhamisi 25 Septemba

Pole dada. Huyo mlinzi amekuonea. Leo ni mfungo wa Gedalia, watu wanafunga kula lakini ofisi hazifungwi.

Hesabu hivi. Kesho Ijumaa na keshokutwa Sabato, sahau. Jumapili 28 mpaka Jumanne 30 wapo. Jumatano tarehe 1 ni mkesha wa Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, Alhamisi ni yenyewe, halafu Ijumaa na Sabato tena. Jumapili tarehe 5 wapo. Jumatatu mkesha wa Sukkot, Vibanda. Kuanzia hapo mpaka Simchat Torah, sikukuu ya kufurahia Torati, Jumanne tarehe 14, ni sikukuu yenyewe na hol hamoed, siku zake za katikati, na hata ukikuta mlango wazi utakuta mtu mmoja dirishani anayekwambia mhusika yuko likizo. Kwa hiyo siku zako za kweli ni nne: 28, 29, 30 na 5. Nenda alfajiri.

Mimi nilipobadilisha paspoti nilianza kufuatilia mwezi wa Elul, kabla ya sikukuu hizi, muhuri wa kuhamisha viza nikaupata watu wanawasha mishumaa ya Hanuka, Disemba. Na nilikuwa na barua ya wakili.

Baba Tito, New Jersey
Ijumaa 26 Septemba

Wapendwa, bado niko kwenye orodha hii ingawa nilihama. Kamau umekosea, Sukkot na siku zake za mwisho ni siku tisa, inaisha tarehe 15 si 14. Familia ninayoiendeshea gari inafunga kila kitu mpaka hiyo 15. Mama Neema usiende tarehe 15, utapoteza nauli.

Kamau, Netanya
Ijumaa 26 Septemba

Baba Tito, wewe uko New Jersey. Hapa ni siku saba na ya nane, basi. Tarehe 15 mabasi yanatembea na benki ziko wazi. Tafadhali tusimchanganye mtu mwenye shida.

Bi Zuhura, Lod
Ijumaa 26 Septemba

Assalaam alaykum. Nyote mko sawa, kila mtu kwa mahali pake. Zamani mwezi uliandama Yerusalemu kwa mashahidi wa macho, kisha wajumbe wakatumwa kutangaza. Walio mbali habari iliwachelewa, wakawa wanasherehekea siku mbili kwa tahadhari. Siku hizi kalenda ni ya hesabu, hakuna anayepanda darini kutafuta mwezi, lakini walio nje ya nchi hawakuiacha siku ya pili. Rosh Hashana ndiyo siku mbili hata huku. Sisi wa Mombasa na Lamu tusiwacheke, kila mwaka twagombana nani kauona mwezi na nani kasikia redioni.

Wenzetu lakini wanaongeza mwezi mzima, Adar ya pili, mara saba katika kila miaka 19, ndiyo Pasaka yao haitoki majira ya kuchipua. Ramadhani yetu hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwaka huu wao wa 5786 hauna nyongeza, ujao unayo. Anayepanga likizo ya mwakani aangalie kwanza.

Na wageni wakumbuke siku inaingia magharibi, kama kwetu. Ukisikia kesho ni hag (sikukuu), basi lako la mwisho ni leo mchana. Nimewaona vijana wamekwama Tel Aviv na mabegi yao.

Mwalimu B., Be'er Sheva
Jumamosi 27 Septemba

Haya yote yamo katika Mambo ya Walawi 23, mngesoma msingeshangaa kila mwaka kama mmeshuka jana kwenye ndege. Siku ya Upatanisho, Sikukuu ya Vibanda, tarehe ziko mle: siku ya kumi ya mwezi wa saba, siku ya kumi na tano. Tishrei ndio huo mwezi wa saba, kwa sababu Biblia inahesabu kuanzia Nisan, ingawa mwaka unabadilika namba Tishrei.

Pia mjue haki zenu. Mfanyakazi ana siku 9 za sikukuu zenye malipo kwa mwaka: mbili Rosh Hashana, moja Yom Kippur, mbili Sukkot, mbili Pesach (Pasaka), Shavuot (Majuma) na siku ya Uhuru. Wengi wenu mnafanya kazi siku hizo na hamdai kitu.

Dada Achieng', Ramat Gan
Jumamosi 27 Septemba

Mwalimu, umeandika siku ya Sabato, Walawi 23 inaanza na hiyo 😀

Halafu rekebisha. Hizo 9 ni za Myahudi. Sisi tunaruhusiwa kuchagua za dini yetu. Mimi nimechagua Krismasi, Ijumaa Kuu na nyingine, Bi Zuhura nadhani Idd zake. Mnakubaliana na familia mapema, si unaamka tu siku ya Pasaka unasema leo siinuki. Mtu akikukatalia, Kav LaOved, shirika la kutetea wafanyakazi, wanasikiliza bure.

Kuhusu viza sina la kusema, yangu inashughulikiwa na mtoto wa mzee, ni wakili. Lakini Mama Neema nakuelewa na bibi yako. Wangu ni wa kushika dini sana. Yom Kippur iliyopita alikaa kwenye kiti cha dirishani tangu asubuhi, gauni jeupe, viatu vya kitambaa kwa sababu vya ngozi hawavai siku hiyo. Daktari alimkataza kufunga, basi rabi akamwelekeza anywe maji kidogo kidogo kwa kipimo, na mimi ndiye mwenye kile kikombe kidogo cha plastiki, natazama saa. Joto likawa kali. Kuniambia washa kiyoyozi hawezi, ni dhambi. Akasema, «Achieng', humu ndani kuna joto, ee?» Nikasema ndiyo savta (bibi), joto. Tukatazamana. Nikaenda nikawasha.

Kamau, Netanya
Jumapili 28 Septemba

Hahaha. Wangu husema «nashangaa kwa nini chumba kile kina giza.»

Lakini kwangu kazi ni Pesach, wiki isiyoliwa kilichochachuka. Wanabandika karatasi za gundi kwenye makabati, dukani rafu za mikate zinafunikwa plastiki, na unga wangu wa mahindi nao umefunikwa! Mahindi yanachachuka wapi? Mzee wa Kipolandi akanitolea pakiti ya ugali barazani kwa vidole viwili.

Bi Zuhura, Lod
Jumapili 28 Septemba

Kamau, hiyo ni kitniyot, nafaka na jamii ya kunde. Waashkenazi, Wayahudi wa asili ya Ulaya, hawali mahindi, mchele wala maharage wiki ile. Wairaki wengi wao wanakula mchele. Mimi nafanya kwa mama wa Kiiraki, mchele tunauchambua mezani punje kwa punje mara tatu, tukiongea mambo ya majirani. Tafuta familia ya mashariki, ule pilau kwa amani.

Mama Neema, Haifa
Jumatatu 29 Septemba

Asanteni kwa yote. Nimekwenda leo alfajiri, mlinzi mwingine, jibu lile lile. Naomba tena: karatasi ya tor inatosha au haitoshi?

Baba Tito, New Jersey
Jumatatu 29 Septemba

Mimi zamani nilikaa na karatasi tu, hakuna aliyeniuliza.

Dada Achieng', Ramat Gan
Jumatatu 29 Septemba

Hakukuuliza mtu kwa sababu hukusafiri. Rafiki yangu alisafiri na karatasi, alikalishwa pembeni mpaka ndege ikaondoka.

Kamau, Netanya
Jumatatu 29 Septemba

Achieng', huyo rafiki yako hakuwa na tor, alikuwa amebadilisha mwajiri bila kuandikishwa. Ni kesi nyingine kabisa. Na usisahau ile hesabu ya miezi 63, kikomo cha kawaida cha viza ya kazi, wengine wanaichanganya na hii.

Otieno, Arava
Ijumaa 3 Oktoba

Poleni kwa kuchelewa, huku shambani tulikuwa na kazi ya kuandaa pilipili hoho. Jana Yom Kippur barabara ya 90 ilikuwa tupu, watoto wa moshav (kijiji cha wakulima) wameiteka kwa baiskeli, hata anga kimya maana Ben Gurion inafungwa. Nimetembea katikati ya lami nikiwaza njia ya kwetu Ahero siku ya soko, matatu zinavyopigana honi.

Mimi Simchat Torah siifurahii tena. Ile ya 2023 ndiyo iliangukia Jumamosi 7 Oktoba, siku ya shambulio la Hamas. Clemence Mtenga na Joshua Mollel, vijana wa Kitanzania waliouawa siku ile, walikuja na programu za kilimo kama yangu, wamekuja kujifunza ng'ombe na mazao. Joshua hata mwili wake ulichukuliwa Gaza. Tarehe 14 watacheza na vitabu vyao vya Torati na wengine watalia, na mimi nitakuwa ndani na simu ya mama.

Mwalimu B., Be'er Sheva
Ijumaa 3 Oktoba

Mungu awafariji wazazi wao.

Watanzania wenzangu, tarehe 14 ni Nyerere Day, ikikutana na Simchat Torah siku hiyo hiyo. Usitegemee ubalozi siku hiyo kwa barua yoyote. Wakenya nanyi mna Mazingira tarehe 10 na Mashujaa tarehe 20. Na huku tukihesabu sikukuu, 29 Oktoba nyumbani wanapiga kura, sisi tulio nje hatuna hata karatasi ya kutumbukiza.

Kamau, Netanya
Jumamosi 4 Oktoba

Angalau nyinyi hamna kabisa. Sisi 2022 walio nje walipiga kura ya rais, lakini kwa nchi zilizochaguliwa, na Israeli haikuwemo. Pesa tunazotuma zinahesabiwa, sisi hatuhesabiwi.

Baba Tito, New Jersey
Jumamosi 4 Oktoba

Kura za huko mnazililia za nini, matokeo si yanajulikana...

Msimamizi
Jumamosi 4 Oktoba

Baba Tito, ujumbe wako wa pili nimeufuta. Siasa za nyumbani zina makundi yake. Hapa ni viza, kazi, nyumba na misiba.

Mama Neema, Haifa
Jumapili 5 Oktoba

Niko kwenye foleni sasa hivi. Nitawaambia.

Kamau, Netanya
Jumatano 15 Oktoba

Ofisi zimefunguliwa leo, foleni imezunguka jengo. Beba picha mbili na nakala ya kila ukurasa wa paspoti, mashine yao ya nakala imeharibika. Mama Neema, ulipata?

Dada Achieng', Ramat Gan
Jumatano 15 Oktoba

Namba yake haipatikani tangu juzi, labda betri. Nani yuko Tel Aviv karibu na Tahana Merkazit, kituo kikuu cha mabasi? Yule mama wa duka la chini amesema unga wa ugali mweupe umeingia. Nahitaji pakiti nne, Otieno anataka sita, nitalipa kwa Bit, ile ya simu.

Otieno, Arava
Jumatano 15 Oktoba

Kumi, kama upo. Na majani ya chai ya Kericho akiwa nayo.