Thunderbird inapoteza barua kila nikiwasha upya kompyuta, msaada wakuu

Mporipori: Wakuu heshima kwenu. Nipo Arusha, napokea oda za wageni wa safari kwa Thunderbird, ile programu ya barua pepe, kompyuta ya mezani. Mchana kutwa inakaa vizuri. Umeme ukikatika, nikiwasha barua zote mpya hazipo, Inbox inarudi kwa mgeni wa Tarangire anayeuliza kama hema lina maji ya moto. Fundi kasema diski imekufa. Ninunue SSD ipi, zile diski za kasi? Naomba kuwasilisha.

Chalii wa Sakina: Yoyote mse, ila usinunue ya kutembezwa. Niliuziwa flashi ya GB 64 pale stendi, zikizidi nyimbo kidogo tu hazifunguki.

Mama Naserian: Watu wa utalii mnapenda makuu. Simu si ina barua pepe? Mwanangu naye hivyo hivyo, picha za harusi yote kwenye laptop moja, ikamwagikiwa mtori. Kuweka nakala hamtaki, mnasubiri yawakute.

Mzee Waya: Kabla ya SSD, akaunti ni IMAP au POP? IMAP barua zinabaki kwenye seva, zingerudi zenyewe; POP inazishusha kwenye kompyuta. Halafu bonyeza Windows+R ifunguke Run, andika thunderbird.exe -P, uone kama una profaili mbili, yaani folda mbili za barua na mipangilio.

Mporipori: Profaili moja. Ni POP, na ile tiki ya kuacha barua kwenye seva tuliitoa, nafasi ilikuwa inajaa. Ila mkuu, SSD nishaitolea advansi, nisaidie hapo.

Mzee Waya: Diski mbovu haichagui barua mpya ikaacha za zamani. Tengeneza faili lolote kwenye diski D na jingine kwenye desktop. Umeme ukikatika tena uangalie lipi limebaki. Halafu chini kulia, karibu na saa, kuna kidubu?

Mporipori: Kipo. Sikukitaja kwa sababu hakihusiani. Vijana wa ofisini walikuwa wanachomeka flashi zenye virusi, nikaomba kinga. Tangu hapo virusi hakuna, siitoi.

Mzee Waya: Hakihusiani! Hiyo ni Deep Freeze. Kila mashine ikiwaka inairudisha siku ilipogandishwa, na seva nayo ilishafuta barua baada ya wewe kuzishusha. Za nyuma zihesabu zimekwenda. USIZIME. Funga Thunderbird, andika %APPDATA% kwenye Run, kopi folda nzima ya Thunderbird kwenye flashi. Kisha shika Shift, bofya kidubu mara mbili, weka nywila, chagua Boot Thawed, yaani iwake bila kugandishwa, washa upya. Hapo urudishe folda na tiki. Ukitaka kugandisha tena, hamishia profaili D kwanza, kama D yenyewe haijagandishwa.

Mporipori: Nywila anayo fundi na hapatikani. Hakuna njia ya kuivunja?

Jicho la Mbauda: Kumbe safari yote ilikuwa inakuja hapa. Hii chai. Mashine yako, ofisi yako, nywila huna? Hizo Deep Freeze tunaziona internet café. Hiyo ya watu, imetoka usiku.

Mporipori: Usinichafue kaka, risiti ninayo.

Jicho la Mbauda: Itupie hapa.

Chalii wa Sakina: Nimekaa paleee.

Mama Naserian: Mwanangu, kama umechukua, rudisha. Cha mtu hakikai.

Mzee Waya: Iwe yake isiwe yake, kuvunja nywila sifundishi. Kama ni yake, atawasha kwa flashi ya Windows, afute diski, aanze upya. Niambie kitu kimoja: aliyegandisha na aliyesema diski imekufa ni mtu mmoja?

Mporipori: Mmoja. Ila ni mtu wa kwaya kwetu, hawezi kufanya hivyo. Advansi kaichukua juzi, labda simu imeisha chaji.

Jicho la Mbauda: Simu ya tangu juzi. Sawa, chai naifuta, nakupa pole.

Mporipori: Folda imeingia kwenye flashi. SSD bado nafikiri nichukue, mashine ni nzito.

Chalii wa Sakina: Advansi ikirudi nicheki PM. Nipo na bro wangu Moshi, anayo ya GB 240, hajaifungua.