Kikundi cha ukoo: viatu vya harusi ya Elia

Elia: Mbukwenyi ndugu zangu, wakubwa wote shikamooni. Safari imeiva, Jumapili napanda treni ya asubuhi mpaka Dar na usiku naruka, kozi ni wiki mbili Uingereza. Sasa nina wazo, harusi ni mwezi wa nane na viatu vya maana sina, nataka ninunue huko huko pea moja nyeusi ya ngozi kwelikweli. Mnanishaurije?

Shangazi Ester: Marahaba mwanangu. Mungu akutangulie uende urudi salama. Na sweta ubebe

Mama Elia: Amina wifi. Sweta nimeshampa

Shemeji Juma: Hongera shem. Ila mbona unatafuta mbali, pita dukani hapa Machinga Complex mzigo umeshuka juzi, moka zipo, vya kamba vipo, vya mchongoko vipo, elfu 65 tu unatoka bwana harusi kamili

Tumaini: Kaka Elia vya shem Juma vikali mbona, nusu ya hosteli UDOM wanavaa hivyo

Bamdogo Lameki: Marahaba Elia. Juma mwanangu biashara yako naiheshimu, mtu wa elfu 65 naye anastahili kupendeza. Ila Elia kauliza kiatu cha kudumu acha nimwambie ninachokiona hapa kibandani kila siku. Jana kijana kaniletea kiatu cheusi kinang'aa, soli imeachia mbele, anataka nishone. Nimekifungua, soli ya ndani ni boksi, boksi lile la kawaida limelowa limekuwa uji, ngozi ya juu nimekwangua kwa kisu ni plastiki imebandikwa juu ya kitambaa. Sindano naipitisha wapi hapo? Hakuna pa kushika uzi. Nimempaka gundi nimemwambia ukweli kwamba hii haifiki mwezi

Shemeji Juma: Bamdogo hapo sikubishii, mteja akiniuliza namwambia hiki ni cha mwaka. Na mimi mwenyewe nikipata cha ngozi nakivaa

Elia: Sasa bamdogo nikiwa dukani nitajuaje, maana vyote vinang'aa na vyote vimeandikwa leather

Bamdogo Lameki: Maandishi achana nayo. Hata genuine leather inapigwa kwenye ngozi ya hovyo, ile iliyosagwa ikapakwa rangi nzito. Unachotaka ni ngozi ya juu kabisa ya ng'ombe ambayo haijakwanguliwa uso wake. Ibonyeze kwa kidole gumba, ikikunja mikunjo midogo midogo halafu ikarudi ni ngozi nzuri, ikikunja mkunjo mmoja mkubwa kama umekunja nailoni ujue imepakwa. Na ikiwa inang'aa kama kioo kabla haijapigwa hata brashi nayo itilie mashaka, rangi ile ikipasuka hapo vidole vinapokunja hairudi tena

La pili ambalo kwangu ndio la kwanza, ushonaji. Geuza kiatu uangalie pembeni pale soli inapokutana na ngozi. Kiatu kizuri kina ukanda mwembamba wa ngozi unazunguka, huo ukanda umeshonwa na ngozi ya juu pamoja na soli ya ndani, halafu soli ya chini inashonwa kwenye ukanda peke yake. Maana yake soli ikiisha mimi nakata uzi, naing'oa, naweka nyingine, ngozi ya juu hata haijui kama kuna kitu kimetokea. Wenyewe wanaita Goodyear welt, ni teknolojia ya karne ya 19, ya Charles Goodyear mdogo, mtoto wa yule Goodyear wa mpira. Na katikati ya soli ya ndani na ya chini wanajaza koki, ile ya kizibo cha chupa, ukivaa wiki kadhaa inakaa umbo la unyayo wako. Ndo maana kiatu hicho siku ya kwanza ni kigumu na baadae hutaki kukivua

Ila kuwa macho, wapo wanaobandika ukanda wa plastiki wenye mishono ya urembo. Fuata uzi kwa jicho, uone unaingia na unatoka. Muuzaji anayejua kazi yake ukimuuliza kama soli inabadilishika atakujibu hapo hapo

Tumaini: Baba hii si useme siku nyingine tuandike kitabu 🙌🏾

Bamdogo Lameki: Wewe njoo likizo ushike sindano

Dada Happy: Shikamoo mama, shikamoo bamdogo, shangazi. Nimetoka zamu sasa hivi ndo naona. Elia mdogo wangu usinunue London kwanza!! Pale Jermyn Street maduka ya viatu yamepangana na ni mazuri, pita uone ujaribu ujue saizi, lakini kununua njoo huku. Mimi hapa Milton Keynes, Northampton ni treni dakika chache tu, na ukitokea London Euston ni kama saa moja. Huo ndio mji wa viatu vya wanaume Uingereza nzima. Kiwanda cha Tricker's kipo tangu 1829, Church's 1873, Crockett & Jones 1879, na mji wa jirani Kettering kuna Loake wa 1880. Hata timu yao ya mpira wanaiita mafundi viatu, na makumbusho ya mji imejaa viatu vya kila zama. Zamani walikuwa na ng'ombe wa kutosha, mto wa maji, na misitu ya mialoni ambayo magome yake ndo ya kulainishia ngozi, viatu vikaanzia hapo

Bamdogo Lameki: Umesikia hiyo. Ng'ombe, maji na magome. Sisi ng'ombe tunao kuanzia Kongwa mpaka Bahi, ngozi tunaanika inaliwa na wadudu. Inaniuma sana hii

Mama Elia: Shem ni kweli kabisa

Dada Happy: Sasa uzuri wa Northampton, viwanda vingi vina duka lao pale pale na wanauza pea zenye kasoro kwa bei iliyopungua. Kasoro yenyewe mara nyingi ni mkwaruzo au kovu la ng'ombe kwenye ngozi, hata huoni mpaka uonyeshwe. Lakini muulize muuzaji kasoro ni ipi akuonyeshe kwa kidole, weka kiatu cha kulia na cha kushoto mezani ulinganishe urefu wa pua na rangi, kwa sababu hizo wengi hawapokei kurudishiwa. Na saizi hazipo zote, unakuta ulichokipenda ni namba 6 na namba 12 tu

Elia: Na bei dada, useme ukweli

Dada Happy: Loake zile nzuri wanazoshona hapo Kettering andaa kama pauni 300 bei ya kawaida. Crockett & Jones inavuka 500. Edward Green ndo usiguse, zaidi ya elfu moja

Shangazi Ester: Pauni 300 ni shilingi ngapi

Shemeji Juma: Shangazi inakaribia milioni moja

Shangazi Ester: Milioni!! Ya viatu!! Elia mwanangu watu wanakuchangia harusi wewe unaweka milioni miguuni? Hiyo ni mahindi magunia mangapi mwaka huu

Elia: Shangazi nimekuelewa, ila pesa ya michango sigusi hata mia, iko kwa mwenyekiti wa kamati. Hii ni posho yangu ya safari, nitakaa kwa dada Happy siku za wikendi nibane matumizi. Na vya ofisini nanunua kila mwaka pea mbili na zote zinafia kwenye vumbi la Mtumba, mji wa serikali

Bamdogo Lameki: Dada Ester uko sahihi kuuliza. Mimi nasema hivi, kama posho haitoshi asikope. Kuna viatu vya ngozi vya kile kiwanda cha Karanga Moshi, ngozi yetu, bei ya kwetu. Kuna na mtumba, mimi hapa nimeshawekea soli viatu vilivyotoka huko huko Northampton vimenunuliwa soko la Sabasaba kwa bei ya kuku wawili, mwenye jicho anapata. Lakini kama pesa ipo ni ya kwake na yuko kule kule vinakotengenezwa, anunue kimoja kizuri. Soli akiibadilisha mara mbili tatu kiatu kinamaliza miaka kumi na zaidi

Shangazi Ester: Haya kama ni posho yake sawa. Ila kamati isisikie 😀

Tumaini: Si aagize tu mtandaoni iletwe kwa dada Happy aikute

Bamdogo Lameki: HAPANA. Kiatu cha namna hii hukinunui bila kuingiza mguu. Kila kampuni ina kalibu zake, namba 9 ya huyu inabana namba 9 ya yule inapwaya. Elia unavaa ngapi

Elia: 43 bamdogo

Bamdogo Lameki: 43 ya Ulaya ni kama 9 ya Kiingereza, na Mmarekani anaiita 10, ukiona namba uliza ni ya nchi gani. Na Waingereza wana upana pia, herufi. Loake F ni ya kawaida, G ni pana. Lakini Crockett & Jones wao kawaida yao ni E, kwa hiyo herufi nayo usiibebe toka duka moja kwenda lingine. Ukoo wetu wote miguu ni mipana mbele, tumekulia peku, ukivaa ya kawaida kidole kidogo kitalia siku nzima. Usiongeze namba ili upate upana, kisigino kitacheza na kiatu kitakunja mahali sipo. Ongeza herufi

Nenda kujaribu jioni, mguu ukishavimba kidogo kwa kutembea. Vaa soksi nyembamba za suti sio hizo za baridi. Jaribu miguu yote miwili maana mmoja huwa mkubwa, fuata mkubwa. Funga kamba, tembea dukani, panda ngazi kama zipo. Kisigino kikipanda kidogo siku ya kwanza sawa, vidole vikigusa mbele kiache hata kama muuzaji anakusifia

Dada Happy: Bamdogo soli je, ya ngozi au ya raba? Mwenzenu huku mvua, mume wangu anavaa ya raba

Bamdogo Lameki: Ya ngozi ni nzuri kwa macho na mguu unapumua, lakini kokoto za Dodoma zinaitafuna, na ukumbini kwenye vigae bwana harusi atateleza mbele ya wakwe. Achukue ile ya raba nyembamba yenye vidoti vidogo chini, ukiangalia kwa pembeni huwezi kujua kama ni raba. Mtindo achukue Oxford nyeusi, ile ambayo mahali pa kamba pamefungwa chini, na mshono mmoja tu unakata pua. Isiwe na vitobo vya urembo. Hiyo anafungia ndoa, anaendea kikao na waziri, anazikia pia

Mama Elia: Sasa na baba yenu? Ndiye atakayesimama mbele kanisani na mwanae. Elia mletee na yeye

Elia: Mama hilo lilikuwa moyoni kabisa. Ila yeye sijui saizi, kila siku makubazi

Bamdogo Lameki: Kaka ana ule mfupa umetoka pembeni ya kidole gumba, mguu wa kulia. Oxford itamtesa. Yeye mchukulie Derby, ile ambayo mabawa ya kamba yanafunguka, mguu ukivimba analegeza. Na iwe ngozi laini. Lakini bila vipimo usinunue, nitakuja nimchore kwenye karatasi, asimame wima uzito wote chini, nipime na mzunguko kwa futi ya cherehani pale kwenye mfupa. Happy atakwenda na karatasi dukani, wauzaji wa kule wanaelewa hiyo kitu

Shemeji Juma: Na ile kodi wanayorudishia wageni airport? Jamaa yangu alirudishiwa Italia

Dada Happy: Italia bado ipo, kodi yao ni asilimia 22 na mgeni asiyeishi nchi za Umoja wa Ulaya anadai sehemu yake akiondoka kama amenunua dukani zaidi ya euro 70, anagongewa forodhani. Lakini huku Uingereza walifuta tangu Januari 2021, ukinunua ukabeba mwenyewe asilimia 20 umewaachia. Duka likituma moja kwa moja mpaka Tanzania wanaweza kuitoa, ila hapo kuna usafirishaji na ushuru wa kwetu, na kujaribu pia kama bamdogo anavyosema. Haina faida kwa pea moja

Tumaini: Kaka na mimi namba 42 😅

Elia: Mdogo wangu begi ni kilo 23 na posho ni moja. Nikirudi ukimaliza mitihani nakupeleka kwa shem Juma uchague

Shemeji Juma: Karibu sana, nitamtafutia cha ngozi safari hii

Bamdogo Lameki: Elia usisahau ukinunua nunua na vile vibao vya kuweka ndani ya kiatu, vya mbao ya mwerezi isiyopakwa rangi, na brashi ya nywele za farasi. Kiatu kikivaliwa leo kesho kipumzike na kibao ndani, mbao inanyonya jasho na mikunjo inanyooka. Vumbi letu hili jekundu lifutwe jioni ile ile, likikaa kwenye mikunjo linakata ngozi. Kikilowa usianike juani kama wanavyofanya watu, jua la Dodoma linakausha ngozi inapasuka, jaza magazeti uweke kivulini. Kiwi kila wiki hapana, paka krimu pale ngozi inapoonekana kavu

Mama Elia: Shem unakuja lini kumpima? Ijumaa atakuwa amerudi toka Chamwino shambani

Bamdogo Lameki: Ijumaa saa kumi na mbili jioni, miguu ikiwa imeshachoka. Akae bila soksi nikija. Elia na wewe uwepo, nikupime upya hiyo 43 siiamini

Elia: Nitakuwepo bamdogo, asante sana

Dada Happy: Nitumieni picha za karatasi usiku ule ule, na rula ionekane pembeni. Jumamosi asubuhi napiga simu maduka ya viwandani niulize nani ana G nyeusi na yupo wazi siku gani, tusije tukapanda treni bure